Si Kila Kuku Anayesinzia Ana Kideri

Kwa miaka kumi na mmoja sasa naishi Nathenje, mji mdogo wa biashara ulioko kusini mwa Lilongwe, kando ya barabara kuu iendayo Dedza hadi Blantyre. Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, mkoani Mbeya. Niliolewa na Mmalawi, nikamfuata kwao. Kwa desturi ya Wachewa, aghalabu mume ndiye ahamiaye kijijini kwa mkewe. Kwa hiyo mwanamke aliyeletwa kwa mumewe, tena kutoka nchi ya ng'ambo, hutazamwa kwa makini zaidi ya wenziwe: jinsi anavyosonga nsima, jinsi anavyopiga magoti kuwasalimu wakubwa, na jinsi anavyotunza alichokabidhiwa.

Mimi nilikabidhiwa kuku. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, mama mkwe alikuja na tetea mmoja mweusi tii, shingo wazi isiyo na manyoya, yaani kishingo kama tusemavyo nyumbani. Weusi ule ni wa uzao wa wale kuku wanaoitwa hapa Mikolongwe, kwa jina la kituo cha Serikali kilichoko Chiradzulu, ambako vifaranga vya Australopu weusi vilisambazwa vijijini. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akasema huyo ndiye mwanzo wa nyumba yangu. Akina mama wenzangu watanielewa nikisema kwamba zawadi ya namna hiyo haiwi mali yako kamwe. Itakufa mikononi mwako, na habari itafika kwa aliyekupa kabla hujamaliza kunyonyoa manyoya.

Kufikia Oktoba mwaka 2024 nilikuwa na kuku kumi na wanne, jogoo akiwa mmojawapo, wote wa uzao wa kishingo yule au walionunuliwa kwa mayai yake. Mwaka ule haukuwa mwema. Mvua zilikatika mapema, mahindi yakakaukia shambani, na mwezi Machi Rais wa Malawi alikuwa ametangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 za nchi. Pumba, ambazo zamani tulizipata bure mashineni, zikawa za kununua kwa kikombe. Karo ya binti yangu ya muhula wa Januari ilikuwa inatembea uani kwa miguu ishirini na minane, na hapakuwa na mahali pengine ilipokuwa.

Jumanne moja asubuhi niliwafungulia kuku mlango wa khola, kile kibanda chao kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kumi na watatu wakashuka. Kishingo alibaki juu, na alipojikokota hatimaye hakwenda penye pumba pamoja na wenziwe. Alikwenda kusimama chini ya ghala la mahindi, manyoya yamevimba kama mtu aliyejifunika blanketi, mabawa yamelegea, macho yamefumba. Kinyesi chake kilikuwa majimaji, tena cha kijani.

Jirani yangu, mama mmoja mwema ambaye tumekopeshana chumvi kwa miaka mingi, alichungulia kutoka upande wake wa ua wa matete, akashika mdomo.

"Ndi chitopa," akasema. Ni chitopa.

Chitopa ndicho kideri chetu. Wengine huko nyumbani hukiita mdondo. Ugonjwa huo husababishwa na virusi, na jina lake la kitaalamu limetokana na mji wa Newcastle wa Uingereza, ambako ulitambuliwa mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana pia kisiwani Java. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa waweza kuangamiza karibu kuku wote kwa muda wa juma moja au mawili. Hauna dawa. Vidonge vya binadamu ambavyo wengi wetu huvifungua na kumwaga unga wake katika maji ya kuku haviuwezi, kwa kuwa vimetengenezwa kuua bakteria. Wala pilipili haiuwezi, wala majivu, wala shubiri. Na miezi ya joto kabla ya mvua, Septemba mpaka Novemba, ndiyo miezi yake hapa.

Hofu yangu ilikuwa na sababu nyingine. Mchanjaji wa kijiji hupita kila baada ya miezi minne, na kuku waliotiwa tone la chanjo machoni Julai walikuwa bado na kinga yao. Wangu hawakutiwa. Mwezi ule nilikuwa Tukuyu kwa msiba wa shangazi yangu, na niliowaachia nyumba hawakukumbuka. Sikumwambia mtu jambo hilo siku ile.

Kabla ya saa nne habari ilikuwa imezunguka, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefika mchuuzi wa kuku, yule apitaye na baiskeli yenye tenga kubwa nyuma. Sijui nani alimwita. Hakuingia uani kwangu. Alisimama njiani, akasema kwa upole kwamba atanipa nusu ya bei kwa kila kuku aliye mzima bado, kwa sababu kufikia Jumamosi hawatakuwa na bei yoyote. Jirani yangu hakungoja. Alimkamatia nane palepale, nami nikawaona wakifungwa miguu na kushindiliwa tengani.

Jioni mama mkwe akaja. Niliweka mkeka, nikapiga magoti, nikamweleza. Hakunilaumu. Alimtazama kishingo kwa muda mrefu, akasema tumchinje huyo tule, hao wengine tuwauze kesho. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzika makundi matatu ya kuku maishani mwake, nami sikuwa na neno la kumjibu isipokuwa ombi.

"Apongozi, nipeni siku mbili."

"Siku mbili ni kuku kumi na wanne," akasema. Lakini hakukataa.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Iwapo ni kideri, kila siku niliyongoja ilikuwa siku ya kuku wenzake kuambukizwa. Nikamtenga kishingo katika kapu kuukuu ndani ya jiko, nikamwekea maji, na nikalala bila usingizi.

Kesho yake, Jumatano, ilikuwa zamu yangu ya kwenda Dzaleka. Msomaji asiyeijua sehemu hiyo ajue kwamba ni kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Banda, na pakageuzwa makao ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu elfu kumi au kumi na mbili. Leo wamepita elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mimi huenda kununua vitenge kwa ajili ya kuuza Nathenje. Nakiri pia kwamba huenda kwa sababu nyingine isiyo ya biashara. Sokoni pale watu hupatana bei, husengenyana na hubembeleza watoto kwa Kiswahili, nami hurudi nyumbani nimeshiba maneno.

Nilipanda basi dogo hadi Lilongwe, Mji wa Kale, nikabadilisha gari kuelekea kaskazini, na saa tano nilikuwa sokoni. Mama aniuziaye vitenge aliniona sina raha. Nilipomweleza, akanituma kwa mzee mmoja wa upande wa Uvira ambaye, kabla ya vita kumtoa kwao, alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Mzee huyo hufuga kuku wachache nyuma ya nyumba yake ya matofali mabichi, na watu humfuata kwa mashauri.

Nilipokaribia akanyosha mkono kunizuia.

"Mama, simama pale pale. Ile viatu ulikanyaga nayo fasi kuku yako inaugulia?"

Nikatazama chini. Ndiyo, ni viatu vilevile. Hakusema zaidi, alichota maji ya sabuni katika kopo, akanipa brashi, akangoja hadi nilipomaliza kusugua nyayo. Kideri husafiri kwa njia hiyo hasa: katika kinyesi kilichoganda kwenye kiatu, katika tenga, katika tairi la baiskeli, katika kuku auzwaye mzima huku ugonjwa umo ndani yake hauonekani bado. Hapo nikamkumbuka yule mchuuzi na tenga lake, aliyekuwa amesimama hatua kumi kutoka langoni kwangu akitoka kusikojulikana.

Ndipo akaanza kuniuliza. Kuku wangapi wanaumwa? Mmoja. Tangu lini? Jana, nikasema, kisha nikafikiri, nikasema labda juzi, maana Jumatatu jioni alichelewa kuingia. Je, anapumua mdomo wazi? Shingo inapinda? Mguu au bawa limepooza? Hapana, hapana, hapana. Kuna kuku mgeni aliyeingia kundini kwa majuma mawili yaliyopita? Hapana. Kuna waliokufa kwa jirani? Sikusikia. Mpaka hapo nilijiona mwanafunzi mzuri.

"Gole yake asubuhi iko namna gani?"

Gole ni kile kifuko kilichopo chini ya shingo, juu ya kifua, ambamo kuku huhifadhi chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi. Nikasema sijui. Mfupa wa kidari umechongoka au umefunikwa na nyama? Sijui. Chini ya mkia kuna utitiri? Kuna yai lililokwama? Upanga wa kichwani umebaki mwekundu au umepauka? Kila jibu lilikuwa sijui. Nilikuwa nimemtenga kuku, nimemhurumia, nimemwombea, nimepigania uhai wake mbele ya mama mkwe, lakini sikuwa nimemshika. Wala jirani yangu hakumshika. Wala mchuuzi. Kijiji kizima kilikuwa kimetoa hukumu kutoka upande wa pili wa ua.

Nikajitetea kwa kile kinyesi cha kijani. Mzee akatikisa kichwa. Kinyesi cha kijani, alinieleza, chaweza kuwa kideri, lakini kuku yeyote asiyekula hutoa kinyesi cha namna hiyo, kwa sababu tumbo likikosa chakula kinachotoka ni nyongo. Ni dalili ya njaa kama ilivyo dalili ya maradhi. Njaa inatoka wapi, hilo ndilo la kutafuta. Akanielekeza nimshike kesho alfajiri kabla hajala wala kunywa kitu. Kuku mzima akiamka gole lake ni tupu, limenywea, hulioni. Likiwa limejaa na gumu kama mpira wa watoto, chakula kimeziba. Likiwa limejaa maji, laini, na mdomo unanuka uchachu, hilo ni jambo jingine, na ana njia nyingine ya kutibiwa. Likiwa tupu, na kuku bado amesinzia, basi nirudi kwenye hofu yangu, nimchome moto au kumzika huyo atakapokufa, na nisiuze hata mmoja, maana kuuza ni kupeleka msiba kwa watu wengine.

Hakutaka malipo. Nilimwachia sabuni.

Alhamisi niliamka jogoo hajawika. Nilimtoa kishingo kapuni, nikamweka mapajani karibu na taa, kichwa chake chini ya kwapa langu ili atulie, nikapitisha vidole kuanzia shingoni. Hapakuhitaji utaalamu. Shingo ile isiyo na manyoya ilinionyesha wazi: uvimbe wa ukubwa wa limau kubwa, mgumu, na nilipoubonyeza nilihisi ndani yake kama kamba zilizosokotwa. Upanga wa kichwani ulikuwa mwekundu bado. Mfupa wa kidari ulikuwa umeanza kuchongoka. Nilipomfungua mdomo nikaona uzi mmoja wa buluu umelala kando ya ulimi.

Uzi wa kiroba! Nikaelewa yote kwa mara moja. Juma lililotangulia tulikuwa tunaezeka upya paa la jiko kabla ya mvua. Nyasi kavu zilikuwa zimelundikwa uani, na mafundi walikuwa wakichana viroba vya mbolea kuwa nyuzi za kufungia. Kuku walishinda katika lundo lile wakitafuta mbegu na mchwa, na mimi nilifurahi kwamba wamejipatia riziki mwaka ambao pumba ni ghali. Kishingo, kwa ulafi wake unaojulikana, alikuwa amekula nyasi ndefu pamoja na nyuzi, na vyote vimefanya fundo.

Mkono wangu ulitamani kuuvuta uzi ule. Nilijizuia, kwa sababu mtu hawezi kujua umezungushwa wapi huko ndani, na kuuvuta kwaweza kuchana koo. Niliukata kwa mkasi karibu na ulimi kadiri nilivyoweza, nikafuata niliyoagizwa. Siku nzima hakupewa chakula kigumu. Nilimdondoshea mafuta ya kupikia kidogo kidogo pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nusu kijiko kwa wakati mmoja, nikimwacha ameze mwenyewe. Anayemwagia kuku mafuta kooni humtia mapafuni, na huyo amekwisha. Baada ya hapo maji ya uvuguvugu kwa njia hiyo hiyo. Kisha nikalikanda gole kwa ncha za vidole, polepole, kama ukandavyo mkono wa mtoto aliyeteguka, dakika chache, mara nne kwa siku. Wako watu wamshikao kuku miguu juu kichwa chini wakimkamua atapike. Mzee alinikataza katakata, kwa kuwa kuku huweza kupaliwa na kufa mikononi.

Ijumaa alfajiri nilipapasa tena. Lilikuwa gumu vilevile. Nilivunjika moyo kuliko siku ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa nimeahidi. Siku mbili nilizoomba zilikuwa zimekwisha. Mama mkwe alifika akiwa amevaa kanga yake ya safari, akanikuta nimekaa chini na kuku mapajani, vidole vimeloa mafuta. Sikumwambia kitu; niliushika mkono wake, jambo ambalo mkwe hapaswi kulifanya, nikauweka juu ya gole.

Akapapasa. Akapapasa tena, akiwa amekunja uso.

"Hiki si chitopa," akasema. "Huyu amemeza paa letu."

Akaketi. Asubuhi ile tulipokezana, yeye akikanda mimi nikidondosha. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Mchana niliwaangalia wale kumi na watatu mmoja mmoja, nikiwashika kweli safari hii. Wote walikuwa wazima. Mzee alikuwa ameniambia kwamba fundo lisipolainika kufikia siku ya nne nitafute mtaalamu wa mifugo alipasue gole na kulishona, na kwamba kazi hiyo mtu asijaribu na wembe nyumbani. Nilianza kuwaza jinsi ya kufika Bunda, kwenye chuo cha kilimo, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili cha Lilongwe, nikawa nahesabu nauli ya kabaza.

Jumamosi alfajiri gole lilikuwa nusu, na laini kama unga uliokandwa. Kapuni mlikuwa na kinyesi, na ndani ya kinyesi nyuzi tatu za buluu na vipande vya nyasi. Binti yangu alizihesabu kwa kijiti, akaja mbio kunipa habari kana kwamba kuku ametaga dhahabu. Siku ile tulimpa uji mwepesi wa mahindi uliopoa, kijiko kimoja kimoja, na yai la kuchemsha lililosagwa. Jumapili gole lilikuwa tupu. Jumatatu alikula pumba zilizoloweshwa, tukamwekea changarawe ndogo, maana firigisi bila vijiwe ni kinu bila mchi. Nilimrudisha kwa wenziwe siku ya nane. Walimdonoa kidogo kama ilivyo kawaida yao kwa aliyekuwa hayupo, naye akawadonoa zaidi.

Mchuuzi alipita tena Jumamosi ile ile kama alivyosema. Safari hii mama mkwe ndiye aliyetoka njiani kuzungumza naye, na sikusikia walichosema. Niliona tu akiondoka bila kusimama nyumba nyingine. Jirani yangu alikuwa mlangoni pake. Nane zake zilikuwa zimekwenda kwa nusu ya bei, nazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Hatujalizungumza jambo hilo mpaka leo. Kishingo alipoangua vifaranga nilimpelekea majike mawili, akayapokea kwa mikono miwili.

Mchanjaji alifika Novemba. Hutumia chanjo iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitayarishwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji kama vyetu visivyo na majokofu, kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Safari hii nilikuwapo. Niliwashika kuku mmoja baada ya mwingine, yeye akatia tone moja katika jicho moja, tukangoja kila mmoja apepese ndipo tumwachie. Nilimwuliza kama ingefaa kumchanja kishingo siku zile alipokuwa anaumwa. Akasema hapana, chanjo ni ya kuku mzima, haimponyi mgonjwa. Nimeandika tarehe ya Machi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na nimewaonyesha watoto wote watatu.

Paa lilikwisha. Nyasi zilizobaki nilitaka kuzichoma, lakini mama mkwe alisema zitafaa kwa choo, zikaachwa zimeegemea ua. Juzi nilisikia mkwaruzo nyuma ya lundo, nikazunguka, na nikamkuta kishingo ameingia ndani mpaka kiunoni, mkia tu ndio unaoonekana. Nilimtoa kwa ufagio. Jioni, kabla ya kufunga khola, nilimpapasa gole.